Mlio Mmoja Baada ya Mechi

Kila Jumatatu nilikuwa naanika mwanamume kwenye kamba. Nilianza na suruali fupi nene yenye magodoro ndani, nikaja kwenye mabega ya plastiki, viwiko, magoti, na mwisho glavu mbili kubwa ambazo harufu yake ilifika barabarani kabla yangu. Ukisimama mlango wa jikoni ungedhani mtu kakatwa vipande kisha kaachwa akauke. Jirani yetu, fundi cherehani kutoka Uvira, aliichungulia kamba ile juu ya ukuta kwa wiki kadhaa kabla uzalendo haujamshinda.

"Dada, ile manguo ni ya askari?"

"Ya mchezaji."

"Mchezo gani ya kuvaa namna ile? Anapiganaka na simba?"

Nikamwambia ni mpira wa magongo, unachezwa juu ya barafu. Akasubiri nimalize utani. Alipoona simalizi, akarudi kwenye cherehani yake. Sikumlaumu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Kwetu barafu ilikuwa kitu cha kununua kwenye kifuko cha nailoni na kukinyonya njiani ukitoka madrasa. Mtu angeniambia kwamba nitakuja kula mkate kwa kufua nguo za mtu anayekimbia juu ya barafu akiwa na visu miguuni, ningemsomea dua.

Nyumba yenyewe ilikuwa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, na ilikuwa ya mama yake yule mchezaji. Nilimwita Bibi. Alikuwa Mreno, mjane, aliyezaliwa pwani ya kaskazini ya Msumbiji na kulelewa na yaya wa huko, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili chake cha jikoni, kimekatikakatika kama kitambaa cha zamani lakini bado kinafunika. Nilipoanza kwenda kumfagilia na kumpigia pasi, mara mojamoja, nilikuwa nakaa Hillbrow, katikati ya jiji. Halafu ikaja ile wiki ya mwaka 2008, watu walipokuwa wakiwasaka wageni mitaani. Nilimaliza kazi, nikavaa koti niende zangu. Bibi akanivua lile koti mgongoni kama unavyomvua mtoto.

"Leo hapana kwenda," akasema. "Chumba iko."

Chumba kilikuwa cha uani, kimejaa mabomba na mota za mafriji za marehemu mumewe. Nilisogeza mota, nikatandika, na sikuhama tena. Watu hupenda kuniuliza kama niliteseka katika nchi ile. Niliteseka, ndiyo, lakini nikikumbuka Johannesburg kitu cha kwanza kunijia ni mikono ya yule mama ikinivua koti, na mpaka leo namshukuru.

Mota zile ndizo zilizomfanya mwanawe awe mchezaji. Baba yake alikuwa fundi wa majokofu, na katika kazi zake alikuwa akitunza mashine za kugandisha uwanja wa barafu uliokuwa ndani ya moli moja, jengo kubwa la maduka. Alikuwa anakwenda na mtoto. Baba akishuka chini kwenye mabomba, mtoto alikuwa anaachwa juu, ameazimwa viatu vya visu, ajichezee. Basi akacheza. Alipomaliza shule alipanda ndege kwenda Ulaya, akawa analipwa kwa kucheza, msimu huu mji huu, msimu ujao mji mwingine, yote midogo na yote baridi.

Hayo alinisimulia mwenyewe kidogokidogo, akila maharage yangu mezani jikoni. Hakuwa nyota, na alilisema hilo bila haya. Wapo wanaofunga na wapo wanaozuia watu wasifunge, na yeye alikula mshahara wa hao wa pili. Kazi yake ilikuwa kujitupa mbele ya kile kisahani cheusi cha raba kinapopigwa, ambacho kikikupata huachi kukikumbuka. Meno yake ya mbele yalibaki katika mji ambao hata jina lake alikuwa analitamka kwa taabu. Alisimulia safari za basi kutwa nzima katika theluji, na chumba alichopangishwa juu ya duka la nyama, na mzee mmoja shabiki aliyekuwa akimletea supu kila alipoumia, na kwa kuwa alikuwa anaumia sana, walikuja kuwa marafiki. Alipenda maisha yale. Akiyasimulia uso wake ulikuwa unafunguka, na mimi nikawa najikuta nimeacha vyombo kwenye maji vinapoa.

Mama yake hakuwahi kuona hata dakika moja ya hayo yote.

Si kwa sababu ya umbali tu. Aliwahi kwenda uwanjani mara moja, mtoto ana umri wa miaka kumi na miwili. Mtoto akamwona mama yake amekaa jukwaani, akafurahi, akageuka kumpungia mkono, na pale pale kile kisahani kikamjia mdomoni. Bibi alikuwa akinionyesha kwenye shavu lake mwenyewe mahali damu ilipopita. Tangu siku hiyo akaamini kwamba jicho lake likiwa uwanjani mtoto haangalii mbele, na hakukanyaga tena pale. Hata kanda za video alizotumiwa kutoka Ulaya alizifunga kwenye mfuko, akaziweka juu ya kabati.

Badala yake walikuwa na simu. Kila mechi ikiisha, kabla hajavua hata kofia ngumu, kijana alikuwa anabipu nyumbani. Mlio mmoja, anakata. Maana yake: nimetoka mzima. Huku La Rochelle Bibi alikuwa amekaa mezani, sahani yake imefunikwa kifudifudi, na haifunuliwi mpaka simu ilie. Mlio ukija anafunua sahani, anakula. Kazi yote ya mwanawe, misimu yote ile, kwake ilikuwa mlio mmoja na chakula kilichopoa. Siku yalipotoka yale meno simu haikulia hadi asubuhi, na sahani ilikutwa imefunikwa vilevile.

Kijana alirudi mwaka wa Kombe la Dunia, mji mzima ukipuliza vuvuzela, yeye akishuka na mabegi mawili na goti bovu. Akachukua vifaa vya baba yake kutoka chumbani kwangu, akaanza kutengeneza mafriji ya maduka. Jumapili alikuwa anacheza kwenye uwanja uleule wa utotoni, katika ligi ya watu wanaopenda tu, hakuna anayelipwa. Ajabu ni kwamba hata hapo, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka nyumbani, aliendelea kubipu. Halafu wezi wakachimba nyaya za simu mtaani kwetu, simu ya mezani ikafa, naye akamnunulia mama yake simu ya mkononi yenye namba kubwa kama vifungo vya koti. Akaipandisha sauti hadi mwisho. Jirani fundi akaishonea kamba, na Bibi akawa anaivaa shingoni mchana kutwa pamoja na rozari yake.

Baada ya hapo macho ya Bibi yakaanza kupoteza nuru. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba dawa itachelewesha tu, haitazuia. Giza lilimwingia kutoka pembeni, likimwachia katikati kipande kidogo, akawa anaona kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Kitu kikitulia mbele yake alikiona vizuri tu. Kikisogea, kimepotea. Mwaka 2013 daktari akasema hata hicho kipande hakitadumu.

Mwaka huohuo goti la kijana likakataa. Akaniambia jikoni, mama yake akiwa amelala, kwamba mechi ya Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho.

"Sisi," akaniambia, maana hivyo ndivyo wanavyomwita dada kule, "mlete. Mimi simwezi. Wewe anakusikiliza."

"Ananisikiliza kwenye chumvi tu."

Hakucheka. Akasema, "Sijataka kitu kingine kwake. Anione mara moja, basi. Ajue nilikuwa nafanya nini."

Nilimwambia Bibi kesho yake. Akasema hapana. Nikamwambia tena wakati wa chai, akasema hapana, na akaongeza kwamba mimi si mama wa mtu, sijui. Hapo nikafura. Mimi nina hasira za karibu, hata kwetu wanajua. Niliweka chini pasi nikampa yangu yote. Nilimwambia mama yangu yuko Buyenzi, macho anayo mawili mazima, lakini mimi sipo mbele yake aniangalie. Sijui lini nitakuwepo. Wewe, nikamwambia, mtoto unaye hapa hapa, macho umebakiwa na ya miezi, na unayatumia kuangalia sahani iliyofunikwa. Kisha nikatoka uani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimejigusa mwenyewe kidonda kuliko nilivyomgusa yeye.

Hakuninunia. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, koti lake zito limewekwa magotini.

"Nakwenda," akasema. "Yeye hapana jua. Hapana ona mimi. Mbali."

Basi tukapanga kama majasusi. Jumapili Bibi akajitia mafua, akakohoa kwa ustadi ambao sikuutegemea kwa mtu wa rozari. Nami nikamwambia kijana nimejaribu, nimeshindwa. Akasema sawa, akabeba begi lake. Nilimwona alivyoinamisha kichwa akiingia kwenye gari, nikatamani nimwite. Alipokata kona tu, mume wa jirani fundi akaleta gari lake mlangoni. Tulikuwa na blanketi, chupa ya chai, na Bibi amevaa kila alichonacho. Mimi nilivaa makoti mawili na mtandio wa sufu juu ya mtandio wa kawaida, kwa sababu sikwenda Johannesburg kuitafuta baridi, na sikukusudia kuikaribisha.

Kuna watu hawataniamini, lakini sikuwahi kuingia mle. Nilikuwa nafua tu. Unapita maduka ya viatu na ya simu, unasukuma mlango, na baridi inakupiga kofi. Chini kulikuwa kumelala barafu nyeupe, pana, imezungushiwa kuta za mbao na vioo. Watazamaji walikuwa wachache, wake wa wachezaji na watoto wao. Nikatafuta mahali pa kujificha. Upande wa kushoto wachezaji walikuwa wamejaa kwenye mabenchi yao, kwa hiyo huko hapana. Upande wa kulia kulikuwa na kibanda kidogo cha vioo, kitupu, kina kibenchi ndani, hakuna anayekisogelea. Nikajisemea, hapa ndipo. Nikamkalisha Bibi nyuma yake kabisa, nikamfunika blanketi hadi kidevuni.

Mechi ikaanza, nikaelewa shida yetu. Hawa watu hawakimbii, wanaruka. Bibi aligeuza kichwa huku na huko, kile kitundu chake kikiambulia barafu tupu.

"Yuko wapi? Sioni. Yuko wapi?"

Sijui mchezo ule. Lakini baba yangu alikuwa na redio, na Jumamosi zangu zote za utotoni nilizilalia miguuni kwake tukisikiliza mpira kwa Kiswahili kutoka ng'ambo ya ziwa. Ile sauti ya mtangazaji imo ndani yangu kama sala. Nikamwinamia Bibi sikioni, nikaanza. Mpira uko upande wa duka la viatu. Anao mwenye manjano, anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, anakwenda, anakwenda, lakini wapi, mwanao huyo, kaingia, kamlaza chini, kauchukua, anaangalia wenzake wako wapi, anautoa mbele. Walipouzungusha nyuma ya goli nilisema kona, ingawa hakuna kona. Nilimpa kijana faulo zisizokuwepo na sifa zisizo na idadi. Bibi alinishika kifundo cha mkono, na kila kile kisahani kilipogonga ukuta wa mbao, kidole chake kiliniingia kwenye mfupa.

Nilimwona kijana akijitupa mbele ya shuti. Alianguka kifudifudi, kile kidude kikampiga ubavuni, na akainuka akakimbia tena kama aliyejikwaa kwenye zulia. Nimefua ile nguo ya mbavu miaka mingi bila kujua ilikuwa inazuia nini. Nikasahau kutangaza, na Bibi akanitikisa, "Sema. Kwa nini hapana sema?"

"Kazuia," nikasema. "Kazuia vizuri, Bibi."

Kuelekea mwisho kijana akamwangusha mtu kwa gongo, mwamuzi akapuliza filimbi na kumwonyesha kidole. Nikadhani wamemfukuza kwenye mechi yake ya mwisho, nikatafuta uongo wa kumwambia Bibi. Sikuupata, kwa sababu nilimwona anakuja kwetu. Moja kwa moja. Akafungua mlango wa kile kibanda kitupu, akaingia, akakaa. Baadaye walinieleza kwamba anayefanya kosa hukaa humo dakika mbili akitumikia adhabu, kisha anarudi. Katika uwanja mzima, mimi na akili zangu nilikuwa nimemficha mama mtu nyuma ya kiti cha mwanawe.

Alikuwa mbele yetu, kioo tu katikati, kiasi cha mkono. Alikuwa ameelekeza uso kwenye goli la pembeni, nusu yake tukiiona, amekasirika, anahema, jasho linamtiririka shingoni. Angegeuka kidogo angetuona. Nikavuta mtandio usoni. Nikamshika Bibi kidevu, nikakielekeza taratibu, na kumnong'oneza, "Huyo hapo. Ametulia. Muone."

Akamwona. Najua alimwona, kwa sababu mkono wake ulinilegea. Alimtazama sikio, na mvi zilizokuwa zimeanza chini ya kofia, na kovu la kidevu lililotoka Ulaya, ambalo kijana alikuwa akilifunika kwa ndevu hadi aliponyoa asubuhi ile. Alimtazama alivyoegemea mbele na gongo magotini, akiusoma mchezo, midomo ikisema peke yake. Nyumbani hukaa mezani amechoka, anakula. Huyu alikuwa mtu mwingine, na huyo ndiye ambaye mama yake alikuwa hajawahi kukutana naye. Namshukuru mwamuzi yule. Hata kama alikosea, namshukuru.

"Kama baba yake," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Akisikiliza mota."

Mlango ukafunguliwa, kijana akatoka kama risasi, akampotea tena.

King'ora kilipolia hata sikujua nani kashinda. Wachezaji walikuwa wanakumbatiana, wengine wakichezea kile kisahani, wakikipigapiga kwenye goli tupu. Nikamwambia Bibi tuondoke haraka tufike nyumbani kabla yake. Nilikuwa nakunja blanketi ndipo kifua cha Bibi kilipoanza kupiga kelele.

Tulikuwa tumepanga mafua, gari, koti, mahali pa kukaa. Na shingoni mwake tulikuwa tumemvisha ile simu, sauti hadi mwisho. Ng'ambo ya barafu, mbele ya benchi lao, kijana alikuwa amesimama na kofia yake kichwani na simu sikioni. Siku zote alikuwa anakata baada ya mlio mmoja. Safari hii hakukata. Simu ililia, ikalia, ukumbi mzima ukiitikia, naye akaishusha polepole kutoka sikioni, akawa anasikiliza kwa sikio jingine. Kisha akageuka.

"Katuona," nikasema.

"Yuko wapi?"

Nikamgeuza kidevu. "Kule. Amesimama."

"Anafanya nini?"

Alikuwa amevua glavu. "Anakupungia mkono, Bibi."

Kidole kikarudi kwenye mfupa wangu. Nyuma ya kijana wenzake walikuwa bado wanapiga kile kisahani, tunasikia kikigonga mbao, pa, pa. Bibi alikuwa ametoa macho yote, na haoni kitu.

"Mwambie aangalie mbele," akasema.

Nikapaza sauti kwa Kiingereza, kila mtu akasikia, kwamba mama yako anasema uangalie mbele. Alicheka hadi nikaliona pengo la meno kutoka kule. Na hakuangalia mbele hata kidogo. Alikuja akiteleza, barafu nzima, macho juu kwa mama yake, mkono hewani. Bibi akaniachia kifundo, akainua mkono wake naye, akauelekeza pembeni kidogo ya alipokuwa, nami nikamsogezea. Kijana akafika kwenye kioo, na safari hii hakuna kitu kilichompiga.